Jinsi ya Kukadiria Thamani Halisi ya Vitu vya Kwenye Katuni

Kabla ya kushika kikokotoo, amua kwanza unatafuta bei ipi, kwani bei ya malighafi, gharama ya kuunda kitu na fedha ambazo mnunuzi angekubali kuzitoa ni mambo matatu tofauti, na makadirio mengi hupotoka kwa kuyachanganya.

Anza na kitu ambacho malighafi yake inajulikana, kwa mfano ghala la fedha la Scrooge McDuck, bata tajiri aliyebuniwa na Carl Barks mwaka 1947. Katika hadithi, ghala hilo hupimwa kwa "ekari tatu za ujazo", kipimo cha utani, kwa kuwa ekari hupima eneo. Kwa hiyo lipime mwenyewe kwa kulinganisha kuta na milango iliyochorwa. Tukichukulia kuwa kila upande una mita 30 na sarafu zote ni za dhahabu, ujazo ni mita za ujazo 27,000. Punguza asilimia 40 kwa ajili ya nafasi zilizo wazi baina ya sarafu, kisha zidisha kinachobaki kwa tani 19.3, ambao ndio uzito wa mita moja ya ujazo ya dhahabu, nawe utapata zaidi ya tani 312,000. Usikimbilie kuzidisha kwa bei ya leo: dhahabu yote iliyowahi kuchimbwa duniani ni tani 200,000 na ushei, hivyo shehena hiyo ikifika sokoni, bei itaporomoka.

Metali ya kubuni hukadiriwa kwa kitu halisi kilicho adimu vivyo hivyo. Ngao ya shujaa wa katuni Captain America, iliyoundwa kwa metali ya aina hiyo, hutajwa kuwa na uzito wa takriban kilo 5.4. Kaliforniamu-252, metali yenye mionzi inayotengenezwa kwa viwango vidogo mno katika vinu vya nyuklia, hufikia makumi ya mamilioni ya dola kwa gramu. Hata kwa dola milioni 10 tu kwa gramu, ngao ingefika dola bilioni 54. Binafsi naihesabu namba hiyo kuwa kikomo cha juu, si bei, maana hakuna anayenunua kaliforniamu kwa kilo.

Umaarufu nao hupimwa mnadani. Gari la Batman la kipindi cha televisheni cha mwaka 1966 liliuzwa mwaka 2013 kwa dola milioni 4.2, kabla ya ada ya mnada. Sarafu ya kwanza ya Scrooge, ya senti 10, inawindwa na mchawi Magica De Spell, lakini bei yake ingetegemea mshindani wa pili ambaye Magica angelazimika kumpita. Mshindani huyo asipokuwepo, itauzwa kama sarafu nyingine za umri wake.