Simbilisi wa manyoya marefu anataka mkono wako kila siku

Kabla hujanunua simbilisi, tazama manyoya yake, kisha uangalie una muda gani jioni. Mwenye manyoya mafupi hana mambo mengi: brashi laini mara moja kwa wiki, ukifuata manyoya yanavyolala, inatosha. Abisinia, yule mwenye manyoya magumu yanayojizungusha mgongoni kama vimbunga vidogo, mpe mara mbili.

Kazi iko kwa simbilisi wa aina ya Peru na wenzake wa manyoya marefu. Manyoya yao hayaachi kukua. Asili ya simbilisi ni milima ya Andes ya Amerika Kusini, kwenye baridi na ukavu. Mvua zetu za Machi hadi Mei huliweka banda na unyevu, na manyoya ya nyuma hunyonya mkojo, yakashikana na kinyesi. Nzi hutaga mayai hapo hapo, na funza wakishaingia kwenye ngozi mnyama anaweza kufa kwa siku chache. Kwa hiyo mfugaji wa Kasese au Masaka, hapa Uganda, nitamwambia bila kusita: punguza manyoya ya nyuma yasiguse sakafu, hata kama urembo utapungua.

Fundo likishajifunga, usivute. Ngozi yake ni nyembamba na hunyanyuka pamoja na fundo, na hapo ndipo wengi hukata nyama wakidhani wanakata manyoya. Mpakate juu ya taulo, pitisha kitana kati ya fundo na ngozi, kisha kata juu ya kitana kwa mkasi wa ncha butu. Fundo dogo lifungue kwa vidole, ukianzia nchani.

Usimwogeshe ovyo. Akichafuka nyuma, osha sehemu hiyo tu kwa maji ya uvuguvugu, umkaushe kabisa kabla ya kumrudisha bandani. Madume hutoa mafuta mazito karibu na kitako. Yalainishe kwa mafuta ya nazi kidogo, kisha ufute.

Unapochana, soma ngozi. Akijikuna mpaka apige kelele, huenda ni utitiri wa ukurutu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ampime uzito. Usikisie dawa ya ng'ombe kwa mnyama wa kilo moja. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya yanaweza kuwa choa, nayo huambukiza watu, kwa hiyo watoto wasimshike. Manyoya yakikakamaa na kupoteza mng'ao, angalia chakula: mwili wake hautengenezi vitamini C, kama wetu. Ongezea mapera na sukuma wiki juu ya nyasi za kila siku.

Kucha zikate kila mwezi. Zikiwa nyeusi, washa tochi ya simu nyuma ya ukucha. Mshipa wa damu utaonekana kama kivuli. Kata mbele yake. Damu ikitoka, bonyeza unga mkavu wa ngano mpaka ikatike.