Upepo Ukikugeuka Wakati wa Kupaa

Ukiona soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti wa uwanja, imelegea, halafu mara imejaa ikielekea upande mwingine, zima injini, shuka, kanywe chai. Hiyo ni nusu ya somo zima. Yanayofuata ni ya aliyechelewa kuona.

Wanafunzi wangu wengi wa urubani hudhani windishia, yaani upepo kubadilika ghafla, ni mtikisiko tu. Basi tupige hesabu. Ndege ndogo aina ya Cessna 172S inapaa, saa ya mwendo, inayopima mwendo ndani ya hewa na si juu ya ardhi, inasoma noti 70 (noti ni maili ya baharini kwa saa). Upepo wa mbisho ni noti 15, kwa hiyo juu ya ardhi inakwenda 55. Upepo ukigeuka ghafla ukaja nyuma yako kwa noti 10, kabla ndege haijapata muda wa kuongeza mwendo, saa itasoma 45. Ndege hiyo, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zikiwa juu, huanguka mwendo ukishuka chini ya 48. Nawe uko futi 150 tu kutoka chini.

Kwa hiyo tazama kabla. Viwanja vingi vya mbugani vina soksi moja tu, nayo haijui kinachoendelea ng'ambo ya njia ya kurukia. Angalia nyasi za mwisho wa njia zinalalia wapi, vumbi linakwenda wapi, moshi wa kambi je. Mvua inayoning'inia chini ya wingu bila kufika ardhini isikudanganye: inakauka njiani, inaipoza hewa, hewa inakuwa nzito na kuporomoka, kisha inasambaa kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Mporomoko mmoja huisha ndani ya dakika 5 hadi 15. Mimi husubiri nusu saa baada ya wingu kupita, abiria wanune watakavyo. Mwaka 1982 Boeing 727 ya Pan Am ilipaa New Orleans ikakutana na mporomoko wa hewa ikaanguka, na ile ilikuwa na injini tatu za jeti.

Ukiondoka, anzia mwanzoni kabisa mwa njia, gesi yote, na njia ikiwa ndefu usiwe na haraka ya kunyanyua pua. Mwendo ukiruka ghafla kwa noti 15 usishangilie. Huo ni mkopo, utadaiwa mbele kidogo. Magurudumu yakiwa bado chini na njia ipo, funga gesi, shika breki.

Ukishakuwa hewani: gesi yote, mabawa sawa, usikate kona, flapu ziache zilivyo. Shika mwendo wa kupaa wa ndege yako. Ardhi ikikusogelea mkono utataka kuvuta usukani. King'ora cha kuonya kwamba ndege inakaribia kuanguka kikilia, legeza usukani kidogo tu mpaka kinyamaze.

Na kitasa chekundu! Hapa ndipo nilipokaribia kufa. Ilikuwa Manyara, uwanja ulio juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, zaidi ya futi 4,000. Saa nane mchana, wingu jeusi upande wa Karatu, nami nikajiambia liko mbali. Tulipaa kuelekea bondeni. Mwendo ukapanda hadi 85, kisha ukashuka hadi 52 kabla sijameza mate. Mwanafunzi wangu akasukuma vitasa vyote mbele, na chekundu cha mchanganyiko wa mafuta kikiwamo. Kwenye miinuko yetu tunakuwa tumekivuta nyuma kabla ya kuondoka ili injini ipate nguvu. Ukikisukuma mpaka mwisho, injini inalemewa na mafuta, inakohoa. Nilikirudisha kwa vidole viwili, nikashusha pua, tukavuka ukingo, na ule utupu wa bondeni ukatupa nafasi ya kurudisha mwendo.

Siku hizi mwanafunzi anafanya zoezi hilo ndege ikiwa imeegeshwa: macho amefumba, mkono kwenye gesi peke yake, mara kumi.

Jambo la mwisho ni redio. Usiseme "kuna upepo mbaya", haimsaidii mtu. Siku ile nilisema: nimepoteza noti 33, mwisho wa njia upande wa bonde, chini ya futi 300. Rubani wa ndege ya Caravan aliyekuwa nyuma yetu, abiria wameshafunga mikanda, akajibu neno moja, "Nimesikia," akazima injini.