Somo: Kusoma maandishi yaliyofichwa kwenye karatasi (moto uwe wa mwisho)

Wengi wakishuku barua ina maandishi ya siri hukimbilia mshumaa. Anza na kisichogusa karatasi.

1. Vaa glavu, piga picha pande zote mbili.

2. Mwanga wa pembeni. Zima taa, laza tochi karibu sawa na meza, nyuzi 5 hadi 15, kamera ikitazama kutoka juu. Mibonyeo iliyoachwa na kalamu kwenye karatasi ya chini hutoa vivuli. Zungusha tochi pande zote nne: mbonyeo uliolala sambamba na mwanga hauna kivuli, ndiyo maana wengine huambulia nusu herufi.

3. Urujuanimno, nanometa 365. Taa ya dukani ya kukagulia noti yatosha kuanzia. Karatasi nyingi nyeupe za sasa zina ving'arishi na hung'aa buluu zenyewe, kwa hiyo tafuta pia palipofifia.

4. Mvuke wa iodini. Tia fuwele chache kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, karatasi ining'inie bila kuzigusa, mahali penye hewa. Mvuke hushika tofauti pale kimiminika kilipovuruga nyuzi za karatasi, hata kama ni maji matupu. Rangi hufifia, piga picha hapohapo.

5. Joto. Pasi kavu, moto wa kadiri, kitambaa juu, inua kila sekunde 5. Maji ya limau huwa kahawia kabla ya karatasi. Ndiyo aliyoandikia Carl Muller, jasusi wa Ujerumani aliyepigwa risasi Tower of London Juni 1915. Karatasi nzima ikianza kuwa manjano, umechelewa.

MASWALI

Mwalimu, kwa nini tusisugue penseli juu ya mibonyeo?
– Unga wa penseli hautoki wote, na mkono unaongeza mibonyeo mipya. Maabara hutumia kifaa kiitwacho ESDA: karatasi hupewa unyevu, hufunikwa plastiki nyembamba, hutiwa chaji ya umeme, kisha tona (unga wa mashine ya kunakili) hujikusanya juu ya mibonyeo. Tona hukaa kwenye plastiki, karatasi inabaki safi.

Iodini ya kupaka kidonda inafaa?
– Hapana. Ni ya maji, itasambaza ulichokuwa unakitafuta.

Kalamu ya FriXion (ya wino unaofutika kwa kusugua), karatasi iliachwa garini juani, maandishi yamepotea. Yanarudi?
– Mara nyingi. Wino huo hupotea karibu nyuzi joto 60. Funga karatasi kwenye mfuko wa plastiki, weka friza: huanza kurudi karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, hukolea karibu 20 chini. Ungeanza na pasi, ungekuwa umemsaidia mshukiwa kufuta.