Chipsi kuku bila kuziba barabara

Ukifuata chipsi kuku jioni katikati ya mji wa Dodoma, usingojee nafasi mbele ya mgahawa. Piga simu uagize kabla hujatoka, kisha egesha mtaa wa nyuma utembee. Foleni pale huanzishwa na gari moja tu lililosimama na taa za hazadi likisubiri mwingine atoke. Nyuma yake daladala na bajaji zinabanana, na kuku bado yuko kwenye mafuta. Ukiagiza mapema unakuta mfuko umefungwa, unalipa, unaondoka. Mbinu hii hugoma msimu wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, maana hata mitaa ya ndani hujaa. Hapo mtume bodaboda. Na tafadhali, usiegeshe kwenye geti la watu.