Namna ya kutafsiri honour na ndugu zake bila kuandika "heshima" kila mahali

Honour, respect, esteem, deference, reverence, homage: mtafsiri mgeni huziita zote "heshima". Sentensi hupita, maana ikabaki nyuma. Mimi hufuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Angalia kama neno limo ndani ya msemo uliozoeleka. Makosa mengi yako hapa, usiwe na haraka. Guest of honour ni mgeni rasmi. Ukiandika "mgeni wa heshima" utaeleweka, ila utaonekana hujawahi kuhudhuria mahafali. Guard of honour ni gwaride la heshima. To honour a promise ni kutimiza ahadi, na benki iki-honour hundi imeilipa tu, haijaipigia saluti.

Mtego mkubwa ni wa vyeti. Honorary doctorate ni udaktari wa heshima, mtu hutunukiwa bila kuusomea. Lakini BA with Honours ya Uingereza ni shahada ya darasani na mitihani, tena hupangwa kwa madaraja. Ukiiita "shahada ya heshima" umemnyang'anya mwenye cheti jasho lake. Liache neno Honours lilivyo, kisha taja daraja.

Hatua ya 2: Uliza kama jambo limo moyoni au linatendwa mbele za watu. Respect na esteem zaweza kukaa kimya moyoni. Esteem inatokana na Kilatini aestimare, kukadiria thamani, kwa hiyo "kumthamini" huifaa zaidi. Honour hupenda kuonekana: medali, cheo, watu kusimama. We honour our heroes ni tunawaenzi mashujaa wetu.

Hatua ya 3: Pima kiasi cha kuinama. Deference ni kumwachia mwingine uamuzi kwa sababu ya umri, cheo au ujuzi, hata kama humpendi. Reverence ina hofu takatifu ndani yake, "kicho" hutosha. Homage ilikuwa desturi ya utii ya Ulaya ya Zama za Kati: mtu alipiga magoti, akaweka mikono yake ndani ya mikono ya bwana wake, akajitangaza kuwa mtu wake. Siku hizi msanii "anatoa homage" kwa aliyemtangulia, na hapo "kuenzi" hurudi kazini.

Jihadhari na wanasheria wa Uingereza. With the greatest respect vinywani mwao ni dalili ya kupinga vikali. "Kwa heshima na taadhima" huficha makali hayo. Mimi huongeza "sikubaliani".

Hatua ya 4: Kama honour ni sifa ya mtu, achana na vitendo. A man of honour ni muungwana. Honour ya familia ni jina na hadhi yake. Kwa hiyo honour killing naiandika "mauaji yanayodaiwa kulinda heshima ya familia". Ni refu, lakini "mauaji ya heshima" humpa muuaji sifa.

Ukikuta honor bila u, hiyo ni tahajia ya Marekani tu. Medal of Honor, nishani ya kijeshi ya Marekani, usiiongezee herufi.