Ukienda kumwona mgonjwa, mwangalie na anayemuuguza

Jumuiya nyingi za kanisa hapa Mwanza huenda kuona wagonjwa hospitali ya Bugando siku za Jumapili. Ni jambo jema, lakini mara nyingi tunamzunguka aliyelala kitandani na kumsahau aliyeketi pembeni yake. Huyo pengine ametoka Ukerewe au Sengerema, hana ndugu mjini, na kanga aliyojifunga ndiyo anayojifunika usiku.

Mimi siku hizi nabeba chupa ya uji, kipande cha sabuni na vocha. Kabla ya kumpa mgonjwa chochote namuuliza nesi, maana wengine wana sukari au wanasubiri upasuaji. Kisha namgeukia muuguzaji: “Mama, umeoga leo? Nenda, nitakaa naye.” Dakika ishirini tu. Mama mmoja aliporudi alikuwa amefua hata kitenge chake, akakianika kwenye kiti huku akicheka.

Sala? Omba ruhusa kwanza, tena iwe fupi. Jirani wa kitanda anaweza kuwa Mwislamu au amelala baada ya usiku mbaya, na sauti ya mkutano wa injili haimsaidii. Picha za kurusha kwenye grupu acha kabisa.

Yakobo, katika waraka wake kwenye Biblia, sura ya 2, anamshangaa anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani akashibe, halafu hampi kitu. Kwa hiyo ukiaga, uliza kama nauli ya kurudi nyumbani ipo. Hapo ndipo wengi hukwama wakisharuhusiwa.