Jinsi ya kuona harufu ya hatari ikifanya kazi kwa majimoto

Jaribio hili hushindwa mara nyingi, na wanaolifanya huwalaumu sisimizi. Karibu kila mara kosa liko kwenye hatua ya 3.

1. Tafuta tawi wanalopita majimoto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa kiota. Kaa mbali kidogo na kiota chenyewe.

2. Andaa kibano chembamba cha chuma, vipande vya karatasi ya kuchujia, miwani ya kukinga macho na simu ya kurekodi video. Pamba siitaki: huishika harufu na kuiachia polepole, usijue ishara ilianza lini.

3. Mkamate mfanyakazi mmoja mkubwa, mponde kichwa juu ya karatasi, kisha iweke karatasi kwenye tawi papo hapo. Tezi za mataya ndizo zenye feromoni, yaani hiyo harufu ya hatari wanayopashana nayo habari, na sehemu yake kubwa huruka hewani upesi. Ukichelewa, umeweka karatasi tupu.

Usipumue kuelekea tawi. Pumzi peke yake huwashtua, nawe utadhani ni feromoni. Simama pembeni, upepo usitoke kwako kwenda kwao. Upepo ukivuma kweli, ahirisha. Usitumie sisimizi wa kundi jingine, maana harufu ya mgeni huzua vita vyake. Usishike karatasi kwa vidole. Halafu, jambo ambalo watu hulirukaruka: weka kwanza karatasi safi, kisha yenye kidari kilichopondwa, ndipo uweke ya kichwa. Wakizikimbilia zote tatu kwa ghadhabu ileile, hujaona kazi ya tezi za mataya. Umeona fujo uliyoileta mwenyewe. Waache watulie kabisa kati ya karatasi moja na nyingine.

4. Tazama video polepole. Feromoni hii ni mchanganyiko wa kemikali kadhaa. Heksanali husambaa kwanza: wanasimama, wanainua vipapasio, wanakimbia ovyo. Heksanoli huwavuta kuelekea chanzo. Karibu kabisa na karatasi, 3-undekanoni na 2-butili-2-oktenali, ambazo ni nzito zaidi, huwafanya wang'ate. Mpangilio huu ulielezwa na mtafiti Bradshaw na wenzake mwaka 1975. Ndiyo maana aliye mbali hushtuka tu, na aliye karibu hung'ata: harufu ni moja, ila kila umbali unapata sehemu yake.

5. Kuona wanavyojilinda, vaa miwani, lowesha karatasi ya litmasi ya buluu, ambayo asidi huigeuza nyekundu, uisogeze karibu na waliokwisha kasirika. Wakiinua fumbatio na kurusha asidi ya fomiki, vitatokea vidoa vyekundu. Usijaribu kwa siafu. Hao hutegemea mataya, asidi hii hawana.

6. Ukimaliza, ondoa karatasi ya kichwa ukiishika kwa kibano. Viambato vizito havipotei upesi, na atakayeegemea pale ataumwa bila kujua kwa nini.